Milango ya Magugu na Herufi ya Tatu

Wanetu wameisimulia safari hii mara nyingi, na kila mara wameikosea. Wanasema tulikwenda matembezi. Wanasema pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nahodha, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuniona karibu na maji angelikanusha. Ukweli ni kwamba tulikwenda kazini, tena kazi ya karatasi, na kwamba kwa siku zote sita usukani ulikuwa mkononi mwa mke wangu. Mimi nilikaa katikati ya boti nimevaa jaketi la kujiokolea lililonibana kwapani, daftari likiwa ndani ya mfuko wa nailoni, nikichota maji yaliyoingia kwa kopo la rangi. Mimi ni Msukuma wa Kishapu. Kwetu maji ni kitu unachokiona chini ya ndoo.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kulia lilikuwa bado linaona ukungu wenye umbo. La kushoto lilikuwa likielekea kufunga. Daktari alisema upasuaji ufanywe mapema, na upasuaji ulihitaji kadi ya bima, na kadi ilikataa. Jina lake la nyumbani, yaani lile alilopewa na baba yake kabla ya lile la ubatizo, lina R katika herufi ya tatu kwenye hati ya ndoa, kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu wanne, kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye jalada langu la utumishi. Katika cheti cha ubatizo, ambacho ndicho waraka pekee unaothibitisha kwamba alizaliwa, herufi hiyo ni L.

Kijana wa dirishani, kwenye ofisi ya bima, hakuinua uso. Alisema, "Mzee, mfumo unaona watu wawili."

Nilimwambia kwamba nimeishi na mmoja wao miaka arobaini na moja na sijawahi kumwona wa pili. Hakucheka. Alinipa karatasi iliyonitaka nilete, ndani ya siku ishirini na moja, uthibitisho kutoka kwenye chanzo cha taarifa. Nilitumikia masijala ya wilaya miaka thelathini na minne na nikastaafu nikiwa msimamizi wake. Katika muda huo wote sikuwahi kumrudisha mtu bila kumtazama usoni. Nililisema hilo pale pale, kwa sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakaniomba nisogee.

Chanzo cha taarifa kilikuwa parokia iliyo ng'ambo ya Nkome, ufukweni mwa ziwa upande wa Geita, ambako mke wangu alizaliwa na kubatizwa. Mimi sikuwa na shaka kuhusu kilichotokea: katekista fulani wa zamani, mtu wa kalamu nzito, alikosea herufi. Tungekwenda, tungeeleza, wangetupatia cheti kilichosahihishwa chenye R, na jicho lingepasuliwa kabla ya mwezi kwisha. Nilimweleza mke wangu mpango huo jioni hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, lakini kwa basi haendi.

Kutoka Shinyanga hadi Geita kwa basi ni safari ya nusu siku. Nilikuwa nimekwisha kuuliza saa za kuondoka. Lakini yeye aliletwa kwenye ndoa kwa maji. Walimpakia katika boti ya baba yake mdogo, wakaja nayo ufuko kwa ufuko, wakaingia ghuba ile ndefu inayochimba nchi kuelekea kusini mpaka inapoishia kwenye matope, na huko lori la pamba likampokea. Tangu hapo hajawahi kurudi kwao kwa njia ile. Mpwa wake mvuvi alikuwa na boti ya mbao iliyokuwa ikitengenezwa mwisho huo huo wa ghuba na alitaka ifikishwe Nkome. Mke wangu alisema ataipeleka yeye. Nilimuuliza ataipelekaje kwa jicho moja, tena bovu. Akasema boti haiendeshwi kwa jicho, inaendeshwa kwa mkono na kwa kusikiliza mawimbi yanavyopiga ubavuni, na kwamba angalau safari hii anataka kuuona ufuko wa kwao kwa kiasi anachoweza, kabla daktari hajagusa chochote.

Nilikubali. Sikukubali kwa furaha.

Tulisafiri asubuhi tu, kwa kuwa mchana upepo huchafua maji, na kila ifikapo saa sita tulikuwa tumekwisha kutia nanga kwenye mwalo fulani wa wavuvi, tukatafuta nyumba ya wageni, tukala samaki. Kuna watu wanaolipia mapumziko ya namna hii. Mimi mgongo uliniuma tangu saa ya kwanza. Ubao niliokalia ulikuwa na msumari ambao sikuuona ila kwa kuukalia. Mashine ilikuwa ndogo na ilitoa sauti ya kusaga karanga, hivyo mazungumzo hayakuwezekana isipokuwa ikizimwa, na ilizimwa mara nyingi kwa sababu ya magugu maji.

Magugu yenyewe si mapya, lakini yaliyokuwapo msimu ule yalikuwa ya namna yake: kijani cha kupendeza, yamesukwa kama mkeka, mapana kuliko kiwanja cha mpira, na yakisukumwa na upepo yaliweza kuziba ghuba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Wavuvi wa ghuba walikuwa wamebuni njia ya kuyapita. Mahali palipo pembamba walikita nguzo na kuvuta kamba mbili zenye maboya, moja huku na nyingine kule, zikaacha kati yake chumba cha maji. Boti zilisubiri mpaka zikusanyike kama sita. Kamba ya kwanza ilishushwa, boti zikaingia chumbani kwa pondo, kamba ikainuliwa nyuma ili magugu yasizifuate. Kisha watu wenye panga na reki wakakata na kuyasukuma yale ya mbele, ndipo kamba ya pili ikashushwa. Waliita mahali hapo mlango. Kila boti ilitoa mtu mmoja wa kuvuta kamba, awe nani awe nani. Katika mlango wa kwanza nilieleza kwamba mimi ni mstaafu mwenye matatizo ya mgongo. Nikaonyeshwa mahali pa kushika.

Tulipita milango minne kabla ya kufika kwenye daraja jipya la Busisi. Jambo ninalotaka liandikwe bila kukosewa lilitokea katika mlango wa tatu.

Msimamizi wa mlango ule alikuwa mtu mpana aliyevaa kofia ngumu ya mchimbaji, imepasuka upande. Alituambia kwamba alichimba dhahabu Mwakitolyo miaka saba kabla ya kuja majini, na kwamba magugu na duara, yaani shimo la mchimbaji, ni kitu kimoja: unasafisha leo, kesho limeporomoka, keshokutwa unarudi. Alikuwa na daftari la shule, amelipigia mistari kwa rula, na kila boti aliiandikia inakotoka, inakokwenda na jina la nahodha. Nilipoliona daftari lile nilifarijika. Ndilo lilikuwa jambo la kwanza la mpangilio nililoliona tangu tuondoke nyumbani.

Tulikuwa tumefungiwa chumbani, kamba mbele na kamba nyuma, mashine zote zimezimwa. Msimamizi alipanda botini mwetu, akanisalimu shikamoo, nikamwitikia marahaba, akaniuliza jina la nahodha.

"Nahodha ni mimi," mke wangu akasema kutoka nyuma.

"Mayu anaendesha?" Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Na huyu guku?"

"Babu amepakiwa na mizigo."

Wavuta kamba wakacheka. Mke wangu akamtajia jina lake la nyumbani, naye akaliandika. Nilichungulia juu ya bega lake, kwa mazoea ya kazi, nikamwambia kwa upole kwamba amekosea herufi ya tatu; ni R.

Kalamu ikasimama. Alilisoma jina kimoyomoyo, midomo ikicheza, akajaribu kulitamka na R, likamkwama. "R?" akauliza. "Mayu, kwenu mlikuwa na R?"

"Hiyo ni ya mzee," mke wangu akajibu. "Alinipa siku ya ndoa, bomani."

"Badala ya khanga?"

"Khanga zilikuja baadaye."

Sasa hata boti za jirani zilikuwa zinacheka. Nilisema, kwa sauti niliyodhani ni ya kumaliza jambo, kwamba R hiyo ipo kwenye nyaraka halali za serikali tangu siku ya kwanza. Msimamizi alinitazama, akamtazama mke wangu, akaacha L yake pale alipoiandika na kwenda boti inayofuata.

Mke wangu aliegemea usukani. Hakuinua sauti. "Baba, ile fomu uliijaza wewe," alisema. "Nilikutamkia mara mbili. Ukaniambia niache kutamka kikwetu."

Hapa inanipasa nieleze kitu ambacho Msukuma atakielewa upesi na wengine polepole. Lugha yetu haina R. Ulimi wetu ukikutana nayo katika Kiswahili huigeuza L, na watu wa pwani hawajawahi kuchoka kutucheka kwa hilo. Nikiwa chuo cha utumishi, mwaka wa kwanza, nilisimama mbele ya darasa kutoa taarifa ya uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, nikatangaza kwamba kula zimehesabiwa na kula zote ni halali. Mwaka mzima nilipopita mabwenini niliulizwa, mheshimiwa, kula saa ngapi? Nilijifunza. Nilijifunza kwa hasira, kwa kuandika kurasa za maneno yenye R na kuyasoma peke yangu, mpaka ikafika mahali kwamba kila L iliyotoka kinywani mwa Msukuma mwenzangu niliishuku. Niliiona kama R iliyojificha, nami ndiye niliyetumwa kuitoa.

Tulifunga ndoa bomani kwa haraka kwa sababu nyumba za serikali zilitolewa kwa wenye hati ya ndoa. Karani mwenzangu aliniachia fomu niijaze mwenyewe, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Binti mmoja wa ziwani, mwenye viatu vya kuazima, alisimama upande wa pili wa meza akanitajia jina lake. Nilisikia L. Nikaandika R. Akalitaja tena, taratibu zaidi, kama mtu anayemsaidia mgeni. Jina lenyewe ni la Kisukuma tupu. Lenye L lina maana, lenye R halina maana katika lugha yoyote niijuayo. Nililijua hilo wakati ule. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na nilichokijua kuliko yote ni kwamba sitachekwa tena.

Kamba ya mbele ilishushwa. Boti zikatoka moja moja. Katika daftari langu la safari, chini ya siku hiyo, kuna sentensi moja tu: Mlango wa tatu, tumepita.

Siku zilizofuata hatukulizungumza. Tulipita chini ya daraja, nami nikamwelekeza atazame juu. Alisema anaona mstari mweusi na baridi ya kivuli. Mahali ambapo watu walizoea kusubiri pantoni nusu siku, magari yalipita juu yetu bila hata kujua kwamba kuna maji. Tukatoka kwenye mdomo wa ghuba, tukageukia magharibi, na ziwa likawa kubwa kiasi kwamba nilichagua kutazama kopo la rangi. Mke wangu aliendesha karibu na nchi kavu. Mara kwa mara aliniuliza anachokiona ni jiwe au ni boti, nami nikamwambia, na hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yetu. Tulikula matobolwa aliyoyafunga nyumbani, viazi vya kuchemsha na kukausha, magumu kwa meno yangu. Siku ya nne tulipita mkondo kati ya kisiwa cha Kome na nchi kavu, jua likituchoma kutoka juu na kutoka chini. Miguu ilinivimba. Nilihesabu ni viongozi gani wa zamani wangeniona nikiwa katika hali ile, nikashukuru kwamba wengi wao wamekwisha kufariki.

Siku ya tano, mashine ikiwa imezimwa nikitoa majani yaliyojizungusha kwenye pangaboi, nilimwambia nilichokuwa nimefikiri. Nilikiri kwamba R ni yangu. Lakini nikasema kwamba kosa likishakaa kwenye nyaraka saba kwa miaka arobaini na moja, halirekebishwi kwa kubadilisha zote saba. Hurekebishwa kwa kubadilisha ile moja isiyolingana. Kubadilisha zote kungechukua miezi, pengine mwaka. Jicho halikuwa na mwaka. Parokia ikitoa cheti chenye R, mambo yamekwisha.

"Tutaona tukifika," akasema, akavuta kamba ya mashine.

Kabla ya kufika aliutambua ufuko wa kwao mwenyewe. Alipunguza mwendo, akaiacha boti ijiendee, kisha akaniuliza kama mawe matatu yaliyolaliana bado yapo upande wa kushoto. Nikamwambia yapo. Akasema anaona weupe wake.

Katibu wa parokia alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo yetu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikileta kitabu cha ubatizo kikiwa kimefungwa kwa kitambaa, akafungua ukurasa bila kuhangaika. Nilitamani kukuta wino uliochuruzika au karatasi iliyoliwa na mchwa. Mwandiko ulikuwa safi. L ilikuwa imesimama wima, ndefu, yenye mkia, haiwezi kudhaniwa kitu kingine chochote.

Nilieleza ombi langu kwa lugha ya barua. Nilisema tunaomba kitabu kiachwe kama kilivyo, lakini itolewe barua inayosema kwamba herufi ya tatu iliteleza kalamuni, na kwamba jina sahihi ni kama lilivyo katika nyaraka za serikali. Niliposikia maneno yangu yakitoka, niliwakumbuka watu waliowahi kusimama mbele ya meza yangu na ombi la aina ile ile, na jinsi nilivyowajibu. Nilikuwa nikiwaambia kwamba masijala si kiwanda cha kutengenezea ukweli. Nilijivunia sentensi hiyo.

Katibu alivua miwani. Alisema barua ya namna hiyo inawezekana kama mwenye jina na jamaa yake wataithibitisha. Kisha akamgeukia mke wangu. "Na wewe, mama, unasemaje?"

"Nimechoka kuitika," mke wangu akasema.

"Kuitika nini?"

"Jina la fomu. Watu wa ofisi wakiliita, mimi hugeuka kutazama wanamwita nani." Alinyoosha mkono mpaka ukaugusa ukurasa, si kwa kuusoma, maana asingeweza. "Hili nimepewa kwa mvua iliyochelewa. Baba alikuwa amekata tamaa ya mtama, ikanyesha, nikazaliwa. Hilo lingine silijui."

Nilimwambia kuhusu jicho. Nilimweleza tena idadi ya nyaraka, foleni, miezi. Nilifika mahali pa kumsihi, na katibu akajifanya anatafuta kitu mezani. Mke wangu aliniacha nimalize.

"Jicho ni langu," alisema. "Wewe andika yaliyotokea."

Basi niliandika. Katibu alinipa karatasi nyeupe, nami nikaandika kwamba mimi, mstaafu wa utumishi wa umma, nathibitisha kwa akili timamu kwamba herufi R katika jina la mke wangu niliiandika mimi kwa mkono wangu mwenyewe, baada ya yeye kunitamkia L mara mbili. Kwamba yeye, wazazi wake na kanisa hawakukosea popote. Maelezo ya namna hiyo hudai sababu. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Ningeweza kuandika uzembe wa kikazi, ambalo ni neno linalokubalika na halimwambii mtu kitu. Niliandika: kuona haya. Katibu alilisoma, akaniangalia, akagonga muhuri wa parokia kuthibitisha kwamba nimesaini mbele yake.

Tulirudi kwa basi. Nilivyotabiri ndivyo ilivyokuwa. Siku ishirini na moja zilikwisha na jalada likafungwa, tukaanza upya. Hati ya ndoa peke yake ilichukua wiki saba. Vyeti vya watoto vilihitaji watoto wenyewe, na mmoja yuko Rwamgasa kwenye machimbo, simu yake hupatikana akipanda juu tu. Niliambiwa nirudi Jumatatu na watu waliokuwa hawajazaliwa nilipokuwa nikiwaambia wenzao warudi Jumatatu. Nilipiga kelele mara moja tu, na nilikuwa na haki. Fomu ilikuwa imepotezwa na wao. Mara nyingine zote nilikaa kwenye benchi. Kila palipoulizwa kosa lilitoka wapi, nilitoa nakala ya karatasi ile, nao waliisoma mpaka neno la mwisho, wengine wakaisoma mara mbili, wakampa na mwenzao wa meza ya pili.

Ilichukua miezi tisa. Jicho la kushoto lilifunga katika mwezi wa sita. Daktari alisema lingeweza kuokolewa kama tungewahi, na ninaliandika hilo hapa kwa sababu ndilo lililotokea. Nilimuuliza mke wangu, usiku wa kuamkia upasuaji wa jicho la kulia, kama anajuta. Alisema swali hilo nilipaswa kumuuliza mwaka ule wa ndoa, siku ile ile bomani.

Asubuhi tulikaa kwenye korido ya hospitali pamoja na wengine wengi. Muuguzi alitoka na orodha akaanza kuita. Aliita jina moja, akaliita tena, nami nikamwonea huruma mwanamke huyo aliyekuwa akichelewesha foleni, nikageuka kumtafuta. Mke wangu alikuwa amekwisha kusimama, akipapasa ukingo wa benchi apate njia.

"Nipo," alisema.